Dereva wa Tehran akikataa nauli, usishuke na pesa yako: tujadili adabu za Iran kwa msafiri wa kwetu

Mwana wa Ngamiani #1
Wakuu, salaam.

Tangu Iran ilipotangaza Desemba 2023 kufuta viza kwa nchi 33, Tanzania ikiwemo, naona maswali ya safari yameongezeka. Wapo wa ziyara ya makaburi matakatifu ya Mashhad na Qum, wapo wanafunzi, wapo wafanyabiashara. Mimi nimefanya kazi Isfahan na Tehran kwa miaka kadhaa, na kinachoniuma ni kusikia watu wetu wakirudi na kusema Wairani ni wanafiki, wanakukaribisha mdomoni tu.

Chukua mfano wa teksi. Umefika, unamuuliza dereva "chand mishe?", inakuwa kiasi gani. Anaweka mkono kifuani na kusema "ghabel nadare", yaani si kitu mbele yako. Mgeni anafurahi, anashukuru, anafunga mlango. Dereva anabaki ameduwaa. Hapo alitakiwa asisitize, akatae kukataliwa, mpaka mara ya pili au ya tatu dereva ataje bei. Mchezo huu wa heshima wanauita taarofu, na uko kila mahali: dukani, mlangoni, mezani.

Dai langu ni hili: mtu wa pwani ya kwetu anatakiwa kulielewa jambo hili upesi kuliko mgeni mwingine yeyote. Ukipita barazani watu wanakula wakakwambia "karibu", unajibu "starehe" na unapita. Hakuna anayevua viatu akanawa mikono. Na hakuna anayesema wale ni wanafiki. Sasa mbona tukifika kule tunawahukumu?

Wenye uzoefu karibuni.

Kitunguu Saumu #2
Nimeweka kambi hapa. Wajuzi waje.

Bint Kizimkazi #3
Mwana wa Ngamiani, umesema nusu. Hiyo "karibu" ya kwetu siku nyengine ni ya kweli kabisa, na ukipita mtu anakununia. Nilikwenda Mashhad na msafara wa ziyara, na mama mmoja tuliyekaa naye haramuni, yaani penye kaburi takatifu, akanambia njoo kwangu ule. Nikakataa mara tatu kama tulivyofundishwa. Akanishika mkono, akaniuliza hoteli yetu iko mtaa gani, akasema mwanawe atakuja kunichukua baada ya Magharibi. Na kweli akaja. Tukala mpaka usiku.

Sasa swali langu: kipi kinakuonesha kwamba hii ni ya mdomoni na hii ni ya moyoni?

Juakali_254 #4
Swali zuri hilo la #3. Na mimi naongeza: nikisisitiza mara tatu na dereva bado akatae? Niachie pesa kwa kiti nikimbie?

Mwana wa Ngamiani #5
Juakali_254, ni nadra, lakini hutokea. Akikataa mara ya tatu na huku anawasha gari, basi amekupa. Mwambie "dastetun dard nakone", mkono wako usiume, inatosha. Ila ukitaka kuepuka yote hayo, patana bei kabla ya kupanda, au tumia Snapp, programu yao ya kuita gari. Bei unaiona kabisa kwenye simu.

Bint Kizimkazi, jibu liko ndani ya kisa chako mwenyewe. Mwaliko wa kweli una saa, una anwani, una mtu wa kuja kukuchukua. "Karibu nyumbani" isiyo na siku wala saa ni salamu nzuri, ipokee kama salamu.

Abu Hilal wa Maskati #6
Assalaam alaykum. Mimi naishi Maskati na kwa miaka navuka kwenda Bandar Abbas. Naongeza mawili ambayo ndugu zetu wa Ghuba huyasahau.

La kwanza, hao si Waarabu. Kifarsi kinaandikwa kwa herufi za Kiarabu pamoja na herufi nne za ziada, lakini ni lugha nyingine kabisa. Ukimwita Muirani Mwarabu, atakusahihisha kwa upole mara ya kwanza. La pili, bahari ile kwao ni Khalij-e Fars, Ghuba ya Uajemi. Jina tunalolitumia upande wetu, Ghuba ya Waarabu, liache nyumbani. Nimeona mazungumzo matamu ya biashara yakipoa kwa neno hilo moja.

Mzee Darubini #7
Nakazia #6, ila tusiseme "Wairani ni Waajemi" kana kwamba ni kabila moja. Ukienda Tabriz watu wanaongea Kituruki cha Azabajani majumbani. Wapo Wakurdi, Walori, Wabaluchi, na Khuzestan wapo Waarabu wenyewe. Kifarsi utaelewana nacho kote, lakini usimwambie mtu wa Tabriz kuwa ni Mfarsi.

Chenji Kamili #8
Jamani mnazungumza adabu, mie nazungumza pesa. Iran kadi za Visa na Mastercard za benki zetu hazifanyi kazi hata moja kwa sababu ya vikwazo. Beba dola au yuro taslimu, noti safi, ubadilishe kule.

Halafu bei. Noti zimeandikwa riali, watu wanataja tomani. Tomani moja ni riali kumi. Usipojua utalipa mara kumi au utamlipa mtu sehemu ya kumi. Tomani ni zile noti kubwa kubwa.

Mzee Darubini #9
Chenji Kamili, hapo mwisho umeteleza. Hakuna noti iliyoandikwa tomani, zote ni riali. Tomani ni namna ya kuhesabu tu. Na kuna kingine: muuzaji anaweza kusema "sad toman", tomani mia, akimaanisha tomani laki moja, maana elfu imemezwa. Noti mpya za riali milioni moja zimeandikwa 100 kwa wino uliokolea, na sifuri nne za nyuma zimefifishwa. Hapo ndipo wageni wengi huchanganyikiwa.

Dawa yake: mpe muuzaji kikokotoo cha simu aandike, kisha uliza "riali au tomani?" Hakuna anayechukia swali hilo, hata wenyewe huulizana. Bidhaa za pakiti zina bei iliyochapwa juu yake, kwa tarakimu zao. Jifunze tarakimu zao kabla ya kuondoka, ni kazi ya jioni moja. Nne, tano na sita zao zina umbo tofauti kidogo na zile za Kiarabu tulizosoma madrasa.

Chenji Kamili #10
Sawa mkuu, nimekuelewa. Mzee Darubini hachoki.

Mama Pacha #11
Naomba tuseme ya wanawake maana naona wanaume mnaongea teksi tu.

Kisheria mwanamke yeyote, Mwislamu au la, raia au mgeni, anatakiwa kufunika nywele na kuvaa nguo ndefu isiyobana. Baada ya maandamano yaliyofuata kifo cha Mahsa Amini, msichana aliyekamatwa kwa sababu ya mtandio, Septemba 2022, utaona wanawake wengi wa Tehran wanatembea bila mtandio. Msafiri asichukue hilo kama ruhusa yake. Sheria haijafutwa, na mgeni akikamatwa hana shangazi wa kumfuata kituoni. Beba mtandio shingoni muda wote hata kama dada uliyekaa naye mgahawani hana.

Kwenye haramu za Mashhad na Qum mtandio hautoshi, unatakiwa chadori, shuka refu la kujifunika mwili mzima. Ukiwa huna wanakuazima mlangoni.

Treni za chini Tehran zina mabehewa ya wanawake, mbele na nyuma. Ruksa kupanda mengine, lakini saa za msongamano yale ni raha. Kina mama wanauza soksi, vipodozi na hereni humo ndani, na wote watataka kujua una watoto wangapi na mumeo anafanya kazi gani. Si umbea, ndivyo wanavyokukaribisha. Jibu kidogo na wewe uwaulize.

Dereva wa Scania #12
Na sisi wanaume?

Mama Pacha #13
Kaptula acha hotelini. Na usinyooshe mkono kwa mwanamke. Ngoja yeye aanze. Asipoanza, weka mkono kifuani, inamisha kichwa kidogo, umemaliza.

Juakali_254 #14
Kuna jambo limenisumbua Shiraz hadi leo. Niliingia duka kuuliza laini ya simu. Mwenye duka akainua nyusi, kichwa kikaenda juu kidogo, akapiga ulimi "nch!" Nikatoka na hasira. Kwetu mtu akikusonya hivyo mbele ya watu, hiyo ni vita.

Mwana wa Ngamiani #15
Hakukusonya, ndugu yangu. Hiyo ndiyo "hapana" yao ya haraka. Kichwa juu, nyusi juu, ulimi mara moja. Alikuwa anakwambia hana laini. Wanafanyiana hata mama na mtoto.

Kitunguu Saumu #16
Duh. Kwa hiyo mtu anaweza kuzunguka Iran nzima akidhani anasonywa.

Mwalimu wa Songea #17
Kinyume chake pia kipo. Dole gumba la "poa" tunalowanyooshea watu, kwa wazee wa kule ni tusi zito. Vijana wamelizoea kwa sababu ya simu, wanajua unasifia. Lakini kwa mzee kijijini, au askari barabarani, liweke mfukoni.

Dereva wa Scania #18
Mwalimu wa Songea hiyo ya dole mbona nimesikia imeshakufa? Jamaa yangu alisoma Qum anasema wanapigiana dole kutwa nzima.

Mwalimu wa Songea #19
Wanafunzi kwa wanafunzi, ndiyo. Nami nimesema wazee. Huna unachopoteza ukitumia mkono kifuani badala yake.

Bint Kizimkazi #20
Tuseme na yale matamu basi. Ukimkuta mtu kazini, muuza mikate, mfagiaji, karani wa benki, mwambie "khaste nabashid", usichoke. Ni ile ile "pole na kazi" yetu. Mzungu ukimtafsiria hajui akujibu nini, lakini Muirani ukimwambia hivyo kabla hujaomba shida yako, uso unafunguka. Mie nilikuwa nalisema kila dirisha, na foleni zangu zilikwenda vyema.

Na tumieni "shoma", "wewe" ya heshima, kwa kila mtu. "To" ni ya watoto, marafiki wa karibu na wapenzi. Asante wanasema "mersi", Kifaransa hicho, wala msijitese na ndefu mpaka mzoee.

Fundi Redio #21
Kwenye gari la kukodi, aliyekaa kiti cha mbele aligeuka akatuomba radhi kwa kutupa mgongo. Mwenzetu wa nyuma, Muirani, akamjibu kuwa ua halina mbele wala nyuma. Gari zima likatabasamu. Mimi nilikaa kimya, sikujua kama na mimi natakiwa niseme kitu.

Mwana wa Ngamiani #22
Fundi Redio, ukikaa mbele na wewe omba radhi hivyo hivyo: "bebakhshid, poshtam be shomast". Mgeni akilisema hilo watamsimulia wiki nzima.

Daktari wa Mifugo #23
Naomba nipinge kidogo mada yenyewe. Mnaitetea taarofu kama vile Wairani wote wanaipenda. Nimesoma na Wairani Uholanzi. Wengi wao wanaichoka. Wanasema mtu ananyimwa haki yake kwa kuona haya: fundi hapati hela yake, binti hawezi kukataa mwaliko. Wana hata neno la kujitoa, "bi taarof", bila taarofu, mtu akitaka kuaminiwa. Ukiona watu wamelazimika kutangaza kwamba sasa wanasema kweli, ujue kuna tatizo.

Mzee Darubini #24
Hoja nzito hiyo. Lakini asili yake ni nini? Nimesikia kwamba ni mabaki ya desturi za ikulu za wafalme, zama za Wasafawi na Wakajari, ambapo neno moja la moja kwa moja lingekukatisha kichwa. Desturi ikashuka toka ikulu hadi sokoni.

Abu Hilal wa Maskati #25
Sikubaliani. Neno lenyewe ni la Kiarabu, na ukarimu wa kumtanguliza mgeni ni wa dini. Huku Oman nako mtu hakubali kahawa kabla hajamsukumia mwenzake.

Mwalimu wa Songea #26
Nami niliwahi kuelezwa na mzee wa Yazd kuwa ni kinga. Nchi ile imevamiwa na Waarabu, Wamongolia, na wengine. Watu wakajifunza kuficha ya ndani na kutanguliza maneno laini. Nyumba zao za zamani zina ua wa wageni na ua wa familia, na maneno yao yamejengwa hivyo hivyo. Sijui mwanahistoria atasemaje, lakini mzee alilisema kwa uchungu.

Daktari wa Mifugo #27
Tukubaliane basi kwamba tajiri na maskini wakibishana nani apite mlango kwanza, kwa dakika ile wako sawa. Hiyo ndiyo faida pekee ninayoiona. Asili yake hatutaipata humu.

Mama Pacha #28
Faida nyingine: mlangoni wanaume wananipisha.

Kitunguu Saumu #29
Hivi ukialikwa nyumbani unabeba nini? Na chakula kikoje? Uzi umefika huku bila wali.

Bint Kizimkazi #30
Beba keki au halua za dukani, au maua. Mwenyeji ataziweka kando bila kufungua, usidhani amedharau. Viatu mlangoni, na chooni kuna ndala zake, zibadilishe na uzirudishe pale pale, usije nazo mpaka ukumbini. Wakitandika sufra, kitambaa cha kulia, chini usiiruke wala usiikanyage. Mkate ukianguka unaokotwa na kuwekwa pembeni. Usipenge kamasi mezani. Na angalia unavyosifia! Nilisifia kisahani cha udongo, mama akasema "pishkesh", chukua chako. Usichukue. Sema unamtakia yeye akitumie kwa furaha.

Wali wanakula kwa kijiko na uma, si kwa mkono. Na ule ukoko wa chini ya sufuria, wanauita tahdigi, anapewa mgeni kwanza. Wenyewe wanauomba uje wa dhahabu, wengine huweka vipande vya viazi au mkate chini.

Dereva wa Scania #31
Ukoko anapewa mgeni? Nyumbani kwetu tulipigana ngumi sababu ya ukoko. Nakata tiketi.

Kitunguu Saumu #32
#31 usisahau utaukataa mara tatu kwanza. Wakikubali kukataliwa je?

Dereva wa Scania #33
Bi taarof. Nautaka.

Fundi Redio #34
Bint Kizimkazi, nawe jina lako linasema Kizimkazi. Nyie si ndio mnajiita Washirazi? Uliwaambia?

Bint Kizimkazi #35
Niliwaambia. Mzee mmoja Shiraz alikaribia kulia. Nikamwambia kwetu kuna msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, na Makunduchi tunasherehekea Mwaka Kogwa ambao asili yake ni Nowruzi, mwaka mpya wao, ingawa kwetu unaangukia Julai na kwao Machi. Akaita jirani zake waje kunitazama.

Mzee Darubini #36
Hapo tahadhari. Habari za Kilwa zinataja wana wa mfalme kutoka Shiraz, lakini wanahistoria wengi wanasema Washirazi wa pwani ni watu wa hapa hapa waliojipa ukoo wa heshima, na wengine wanasema walichanganyika na wafanyabiashara wachache wa Siraf, bandari ya kale ya Iran. Tusimpe mzee wa watu historia ambayo haijathibitika.

Bint Kizimkazi #37
Sikumpa nasaba, nilimpa salamu. Ya nasaba tufungulie uzi wake, nitakuja.

Juakali_254 #38
Nauliza jambo gumu. Mtu mweusi anapokelewa vipi kule? Nilikuwa huko Machi, karibu na mwaka mpya wao, nikaona mtu amejipaka masizi usoni, nguo nyekundu, anacheza na dufu barabarani na kuimba kwa sauti ya kuigiza. Watoto wanacheka, kisha wananitazama mimi. Nilijisikia vibaya sana.

Mwana wa Ngamiani #39
Huyo ni Haji Firuz, mtangazaji wa Nowruzi. Pole. Wairani wengi watakwambia hana uhusiano na watu weusi, kwamba ni masizi ya moto wa kale, au ni kumbukumbu ya Siyavash, shujaa wa hadithi zao, aliyerudi kutoka kwa wafu. Wengine, na Wairani wenyewe wakiwemo, wanasema ni mtumwa wa Kiafrika aliyegeuzwa kichekesho, maana hata nyimbo zake zinamwita bwana wake "arbab". Utumwa Iran ulifutwa kwa sheria mwaka 1929 tu.

Mimi nilichofanya ni kuwaambia wenzangu kazini kwa upole kwamba linaniumiza, na kwa nini. Wawili walibisha. Mmoja alikaa kimya muda mrefu kisha akasema hakuwahi kuliwaza.

Daktari wa Mifugo #40
Na wala isiishie kwa Haji Firuz. Utatazamwa sana, utaombwa picha, mtu atakugusa nywele. Wengi ni udadisi wa watu wasioona wageni weusi. Lakini ukikataa picha, kataa. Sema "nakheir, mersi", hapana asante, na mkono kifuani. Adabu haikulazimishi kuwa pambo la mtu.

Abu Hilal wa Maskati #41
Juakali_254, safari ijayo shuka kusini. Bandar Abbas, Qeshm, Minab kuna Wairani weusi, vizazi kwa vizazi, wengi mababu zao waliletwa kwa majahazi kutoka pwani yetu. Wana ngoma, wana zari, yaani kupunga mashetani, na kupunga kwao utakutambua. Hapo hakuna atakayekushangaa. Lakini usimwendee mtu na "wewe ni Mwafrika mwenzangu". Wengi watakwambia wao ni Wairani, ni watu wa Bandari, basi. Mwache yeye aseme ukoo wake akitaka.

Fundi Redio #42
Naongeza ya haraka: usipige picha polisi, wanajeshi wala majengo ya serikali. Telegram, Instagram, Facebook na YouTube zimefungwa, watu wanatumia kile wanachokiita "filtershekan", yaani VPN ya kupenya vizuizi. Saa yao iko nusu saa mbele ya yetu. Na tiketi ya basi ikiandikwa mwaka kama 1404 usishtuke, ni kalenda yao ya jua.

Mama Pacha #43
Na wiki yao inaanza Jumamosi. Ijumaa karibu kila kitu kimefungwa, Alhamisi ofisi nyingi ama zimefunga ama ni nusu siku.

Halafu wakuu, hali ya usalama. Juni 2025 kulikuwa na vita vya siku 12 na Israel, anga ilifungwa, watu wakakwama. Kabla ya kukata tiketi sikiliza wizara ya mambo ya nje ya nchi yako inasema nini. Nyie wenye pasi za Uingereza, Marekani na Kanada, hamruhusiwi kuzunguka bila mwongozaji wa watalii. Ya kufutiwa viza kwa nchi 33 hayawahusu hata kama mmezaliwa Muheza.

Juakali_254 #44
Asante Mama Pacha. Abu Hilal, nimevutiwa na Minab. Nikitoka Bandar Abbas asubuhi ya Ijumaa nitaliwahi lile soko la wanawake wenye barakoa za rangi?

Abu Hilal wa Maskati #45
Hutalikuta. Soko la Minab ni la Alhamisi, hata jina lake ni Panjshanbe-bazar. Toka alfajiri, kabla jua halijakuwa kali. Na barakoa zile usipige picha bila kuomba. Omba kwa mwenyewe, si kwa mumewe. Nunua kitu kwanza.

Dereva wa Scania #46
Bei za pale wanataja riali au tomani?